Somo la Kumi na Tatu: Elektrodi za Titani

Je, umewahi kunywa maji ya bomba yenye harufu inayofanana kidogo na ile ya dawa ya kufulia nguo nyeupe? Harufu hiyo ni ya klorini. Klorini hutiwa ndani ya maji ili kuua vijidudu viletavyo kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Katika nchi nyingi magonjwa hayo yalikuwa yakiua watoto kwa maelfu kabla watu hawajajifunza kusafisha maji na kuyatia klorini.

Lakini klorini yenyewe hutoka wapi? Haichimbwi ardhini ikiwa peke yake, wala hatuikuti hewani. Imefichwa ndani ya kitu kilichomo jikoni kwenu kila siku, nacho ni chumvi. Chumvi tunayotia katika mboga, iwe imetoka katika mashamba ya chumvi ya pwani au katika chemchemi za Uvinza, ni muungano wa vitu viwili. Kimoja ni sodiamu, metali laini inayowaka kwa kishindo ikitumbukizwa majini. Cha pili ni klorini, gesi ya rangi ya kijani na manjano, ambayo ni sumu. Ni ajabu kwamba vitu viwili vya hatari namna hiyo vikiungana huwa chumvi tunayokula bila kudhurika.

Kuvitenganisha si kazi rahisi. Ukiisaga chumvi hata iwe unga mwembamba, bado ni chumvi. Ukiichemsha ndani ya maji mpaka maji yakaushwe na moto, utaikuta chumvi ile ile chini ya sufuria. Nguvu iwezayo kuitenganisha vizuri ni umeme.

Jaribio

Fanyeni jaribio hili nje ya darasa, mahali penye upepo, mwalimu akiwapo. Tumieni betri za tochi tu. Umeme wa ukutani usitumiwe kamwe, kwa maana unaweza kuua.

Chukueni glasi ya maji na kutia kijiko kimoja cha chumvi. Koroga mpaka chumvi yote iyeyuke. Chongeni penseli mbili pande zote mbili, ili kiini cheusi kitokeze juu na chini. (Watu wengine hukiita kiini hicho risasi, ingawa hakina risasi hata kidogo. Ni grafiti, ambayo ni aina ya kaboni, ndugu wa mkaa.) Pangeni betri tatu kwa mstari, kisha ungeni waya mmoja kutoka ncha chanya hadi kwenye kiini cha penseli ya kwanza, na waya wa pili kutoka ncha hasi hadi kwenye kiini cha penseli ya pili. Tumbukizeni ncha za chini za penseli ndani ya maji. Penseli zisigusane, na waya zisiingie majini.

Tazama kwa makini. Baada ya muda mfupi utaona mapovu madogo yakipanda kutoka kwenye penseli zote mbili. Upande hasi mapovu ni mengi zaidi. Hiyo ni gesi ya haidrojeni itokayo katika maji. Upande chanya, pungia hewa kwa mkono kuelekea puani, usiinamishe uso juu ya glasi. Utasikia harufu ile ile ya maji ya bomba. Umetoa klorini katika chumvi.

Sasa ondoeni penseli na mahali pake mweke misumari miwili mipya ya chuma. Ungeni waya kama mwanzo na kungoja kwa muda wa dakika kumi. Msumari wa upande chanya utaanza kuchafuka, na maji yanayouzunguka yatageuka rangi ya kijani kibichi, halafu ya kutu. Ukiufuta utaona kwamba umeliwa. Msumari wa upande hasi unatoa mapovu tu, nao umebaki unang'aa. Kumbuka vizuri jambo hili la msumari wa pili, kwa maana tutalirudia mbele. Mkimaliza, mwageni maji mbali na kisima na kunawa mikono. Maji hayo hayanywewi.

Kifaa kinachopitisha umeme kuuingiza ndani ya maji, kama vile penseli au msumari wako, huitwa elektrodi. Kilichoungwa na ncha chanya ni elektrodi chanya, na cha pili ni elektrodi hasi.

Taabu ya elektrodi chanya

Viwanda vya klorini hufanya jambo lile lile ulilolifanya katika glasi, ila kwa mapipa makubwa ya maji ya chumvi na kwa umeme mwingi sana. Vilianza katika miaka ya 1890, huko Ulaya na Marekani. Mbali na klorini, maji ya chumvi yakipitishwa umeme hutoa pia kostiki soda, ambayo hutumika kutengenezea sabuni na karatasi. Klorini nayo haiishii katika maji ya kunywa. Sehemu kubwa hutumika kutengenezea plastiki ya mabomba yale ya kijivu unayoyaona yakifukiwa kando ya barabara.

Tangu mwanzo, mafundi wa viwanda hivyo walisumbuliwa na swali moja. Elektrodi chanya itengenezwe kwa kitu gani? Umeona mwenyewe jinsi chuma kilivyoliwa. Shaba nayo huliwa. Mwandishi wa somo hili alipokuwa akifundisha shule ya sekondari, mwanafunzi mmoja alisimama na kusema, "Mwalimu, kwa nini wasitumie dhahabu? Dhahabu haipati kutu." Lilikuwa swali zuri, na jibu lake huwashangaza wengi. Hata dhahabu ikiwekwa upande chanya ndani ya maji ya chumvi huyeyuka. Hewa na mvua haviidhuru dhahabu, lakini klorini huiweza.

Platini ilistahimili kuliko hizo, lakini ni ghali mno kujaza kiwanda. Basi kwa muda wa zaidi ya nusu karne viwanda vingi vilitumia vipande vikubwa vya grafiti, kitu kile kile kilichomo katika penseli yako. Grafiti ilifanya kazi, lakini haikudumu. Ndani ya pipa, pamoja na klorini, hutokea oksijeni kidogo. Oksijeni hiyo huungana na kaboni ya grafiti na kuigeuza gesi, kama mkaa unavyoungua jikoni, ila polepole na ndani ya maji. Kila siku elektrodi ilipungua kidogo.

Pengine utasema, kupungua kidogo kuna hasara gani? Hasara yake ni hii. Umeme hupita kwa urahisi katika waya, lakini katika maji ya chumvi hupita kwa shida zaidi. Kadiri nafasi iliyopo kati ya elektrodi mbili inavyopanuka, ndivyo nguvu nyingi zaidi ya umeme inavyopotea na kuwa joto tu. Grafiti ilipolika, nafasi ilipanuka, na gharama ya umeme ikapanda. Kwa hiyo wafanyakazi walilazimika kuzishusha elektrodi mara kwa mara ili kuziba nafasi hiyo, na baada ya miezi kadhaa, au mwaka mmoja au miwili, kuzitupa na kuweka nyingine. Kazi hiyo ilifanywa mahali penye klorini, gesi inayochoma macho na mapafu.

Metali yenye ngozi

Mwaka 1791 kasisi mmoja wa Uingereza, William Gregor, aliuchunguza mchanga mweusi uliotoka katika kijito cha Cornwall. Akaona kwamba ndani yake mna metali isiyojulikana. Miaka minne baadaye mwanakemia Mjerumani, Martin Klaproth, aliipa metali hiyo jina la titani, kwa kufuata jina la majitu ya hadithi za kale za Wayunani. Lakini titani hushikamana sana na oksijeni, hata ikawa vigumu mno kuitoa katika mchanga wake. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1930, ambapo William Kroll wa Luxemburg alipata njia iliyofaa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ndipo titani ilipoanza kutengenezwa kwa wingi, hasa kwa ajili ya ndege, kwa kuwa ni nyepesi kuliko chuma cha pua na ina nguvu nyingi.

Mafundi wa klorini waliitazama metali hiyo mpya kwa hamu, kwa sababu maji ya chumvi yenye klorini hayakuidhuru. Kwa nini hayakuidhuru? Ili kuelewa, tazama sufuria ya nyumbani kwenu. Sufuria hiyo ni ya alumini. Msumari ukiachwa nje hupata kutu, na kutu hiyo humomonyoka na kuiacha sehemu mpya ya chuma iliwe tena. Alumini nayo huungana na oksijeni, lakini oksidi yake haimomonyoki. Inashikamana na metali kama ngozi inavyoshikamana na mwili, na kuikinga metali iliyo chini. Titani ina ngozi ya namna hiyo, tena imara zaidi. Unene wake ni sehemu chache tu za milioni moja ya milimita. Ikikwaruzwa hujiponya yenyewe papo hapo, mradi iwepo hewa au maji ya kuipatia oksijeni. Ndiyo sababu klorini yenye unyevu haiiwezi titani, lakini klorini kavu kabisa huiwasha na kuila.

Hapo ndipo ulipozuka mkasa mwingine. Titani ilipowekwa upande chanya na umeme ukafunguliwa, mapovu machache yalitokea, kisha kila kitu kikanyamaza. Ngozi ilikuwa imeongezeka unene, nayo haipitishi umeme. Upande hasi titani huruhusu umeme kupita, lakini upande chanya huuzuia, kama mlango unaofunguka upande mmoja tu. Kitu kilichoilinda titani isiliwe ndicho hicho hicho kilichoizuia isifanye kazi.

Henri Beer na koti la rutheni

Katika miaka ya 1950 wavumbuzi kadhaa walijaribu kuipaka titani platini nyembamba. Titani ilikuwa kiunzi, na platini ilikuwa mlango wa umeme. Mahali ambapo platini haikufika, titani ilijikinga yenyewe kwa ngozi yake. Wazo lilikuwa jema. Lakini platini ilikuwa bado ghali, na katika mapipa ya klorini haikudumu kama ilivyotumainiwa.

Mmoja wa wavumbuzi hao alikuwa Mholanzi aitwaye Henri Beer. Yeye hakuiacha titani, ila alibadilisha koti. Badala ya kuipaka metali ing'aayo, aliipaka oksidi, yaani kitu cha jamii ya kutu! Wengi wasingetarajia hivyo, kwa sababu oksidi nyingi huzuia umeme, kama ile ya titani yenyewe. Lakini oksidi ya metali iitwayo rutheni hupitisha umeme vizuri karibu kama metali, na tena haitishwi na klorini. Mwaka 1965 Beer aliomba hataza ya elektrodi zenye koti hilo. Hataza ni hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi ili watu wengine wasiuige uvumbuzi wake bila ruhusa. Miaka miwili baadaye akauboresha kwa kuchanganya oksidi ya rutheni na oksidi ya titani katika koti moja.

Mchanganyiko huo una siri yake. Chembe za oksidi hizo mbili zimepangwa kwa mfano mmoja na vipimo vinavyokaribiana sana. Mjenzi akiwa na matofali ya aina mbili yenye kipimo kimoja, anaweza kuyachanganya katika ukuta mmoja na ukuta ukasimama. Vivyo hivyo oksidi hizo hushikana zenyewe kwa zenyewe, na kushikana na ngozi ya titani iliyo chini yake, hata koti lisibanduke.

Namna ya kuitengeneza elektrodi hiyo yaweza kueleweka na mtu yeyote aliyewahi kumtazama mfinyanzi akifanya kazi. Kwanza bamba la titani husafishwa na kukwaruzwa kwa asidi, ili liwe na mikwaruzo ya kushikia. Kisha hupakwa kwa brashi maji yenye chumvi za rutheni na titani. Hukaushwa, halafu huingizwa katika tanuri lenye hewa, kwenye joto la digrii 400 hadi 500 hivi. Joto hilo huzigeuza chumvi kuwa oksidi na kuzishikamanisha na bamba. Likipoa hupakwa tena na kuchomwa tena, na tena, mara nyingi. Mwisho wa kazi yote hiyo koti huwa na unene wa sehemu chache tu za elfu moja ya milimita. Mtu asiyejua akiliona bamba hilo la rangi nyeusi hawezi kudhani kwamba lina thamani yoyote.

Kampuni ya De Nora ya mji wa Milano, Italia, ndiyo iliyoshughulika kuutoa uvumbuzi huo katika maabara na kuuingiza viwandani, mwishoni mwa miaka ya 1960. Katika miaka ya 1970 ulienea upesi. Elektrodi mpya haikupungua. Nafasi kati ya elektrodi ilibaki vile vile mwezi hadi mwezi, nayo iliweza kufanywa ndogo sana, hivyo umeme mwingi ukaokolewa. Badala ya kubadilishwa kila mwaka, elektrodi ilidumu miaka mingi. Tena koti linapochakaa, kiunzi cha titani hakitupwi. Koti la zamani huondolewa na kiunzi hupakwa upya.

Kulikuwa na faida nyingine. Viwanda vingi vya zamani vilitumia zebaki kuwa elektrodi hasi, na zebaki ni sumu. Nchini Japani, katika mji wa Minamata, watu wengi waliugua na kufa kwa sababu ya zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda cha kemikali. Ugonjwa huo uligunduliwa mwaka 1956. Kiwanda hicho hakikuwa kikitumia zebaki kwa kutenganisha chumvi, lakini baada ya msiba huo Japani iliamua kwamba viwanda vyake vya klorini pia viache zebaki. Mahali pake uliwekwa utando mwembamba unaotenganisha elektrodi mbili. Utando huo hukaa karibu sana na elektrodi chanya, kwa hiyo unahitaji elektrodi isiyolika wala kubadilika umbo. Grafiti isingefaa. Titani iliyopakwa ilifaa.

Kazi nyingine za elektrodi hizo

Mitambo mikubwa iliyojengwa kando ya bahari, kama ile ya kufulia umeme, huvuta maji ya bahari ili kujipoza. Makombe na viumbe vingine hupenda kuota ndani ya mabomba ya maji hayo hata kuyaziba. Basi maji hupitishwa kwanza kati ya elektrodi za titani zilizopakwa. Chumvi iliyomo baharini hutoa klorini kidogo pale pale, na makombe hayaoti. Hakuna haja ya kuleta mitungi ya gesi ya sumu kwa gari.

Njia hiyo hiyo hufaa kwa zahanati iliyo mbali na mji. Kwa chumvi ya jikoni, maji na umeme wa jua, kifaa kidogo chenye elektrodi za namna hii hutengeneza maji ya klorini ya kusafishia sakafu na kutibu maji ya kunywa. Wakati wa kipindupindu, barabara zikiwa zimekatwa na mvua, kifaa hicho ni msaada mkubwa. Anayepima kipimo cha dawa lazima awe amefundishwa.

Sasa turudi kwenye msumari wako wa pili, ule uliobaki unang'aa. Chuma kikiwekwa upande hasi hakipati kutu. Wahandisi hutumia jambo hilo kuulinda ukuta wa zege. Ndani ya nguzo za daraja mna nondo za chuma, na chumvi ya bahari ikipenya zegeni nondo huota kutu, huvimba na kulipasua zege. Wavu wa titani iliyopakwa hufungwa juu ya nguzo na kuungwa na ncha chanya, nazo nondo huungwa na ncha hasi. Umeme kidogo tu hupita usiku na mchana, na nondo hazili kutu.

Pale ambapo elektrodi hutoa oksijeni badala ya klorini, kama katika kutengeneza karatasi nyembamba za shaba zinazotiwa ndani ya redio na simu, koti la rutheni huchakaa upesi. Hapo hutumika oksidi ya iridi, metali iliyo adimu zaidi.

Mchanga wenye titani upo katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Huko Kwale, kusini mwa Mombasa, ulichimbwa kuanzia mwaka 2013 hadi Desemba 2024 na kupelekwa ng'ambo kwa meli. Usidhani, hata hivyo, kwamba mchanga mwingi wa titani duniani hugeuzwa kuwa metali. Sehemu kubwa huwa unga mweupe wa kutengenezea rangi, na pengine ukuta wa darasa lako umepakwa. Rutheni nayo iligunduliwa na Karl Klaus katika mji wa Kazan, Urusi, mwaka 1844. Siku hizi nyingi hutoka Afrika Kusini, ambako hupatikana pamoja na platini. Ni chache sana, na bei yake hupanda na kushuka, kwa hiyo koti jembamba lina maana kubwa kwa mwenye kiwanda.

Maswali

1. Katika jaribio lako, ni upande gani uliotoa harufu ya klorini? Ulijuaje?

2. Eleza kwa nini elektrodi ya grafiti iliyolika ilikifanya kiwanda kitumie umeme mwingi zaidi.

3. Ngozi ya titani ni rafiki na pia ni kizuizi. Eleza jinsi inavyokuwa hivyo vyote viwili.

4. Tafuta nyumbani vitu vitatu vya metali. Ni vipi vyenye kutu inayomomonyoka, na ni vipi vyenye ngozi inayoshikamana? Andika majibu yako katika daftari na kumwonyesha mwalimu.

5. Fundi mmoja alikosea, akaunga nondo za daraja na ncha chanya na wavu wa titani na ncha hasi. Nondo zitapatwa na nini? Kumbuka misumari yako kabla ya kujibu.